Farasi, gari na milima ya Usambara: ubishi wa baraza moja la Ngamiani

Kuna video fupi iliyozunguka sana kwenye simu barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Wanaume watatu wamepanda farasi, wanashuka mlima wenye theluji kileleni. Nyuma yao wanafuata wanyama wanne waliofungwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, wamebebeshwa mizigo pande zote mbili, na juu ya mzigo wa mwisho zimefungwa pembe pana zenye matawi kama mti uliopukutika. Ni wawindaji wa Marekani wanatoka porini.

Kijana mmoja wa bodaboda, kwao Lushoto, ndiye aliyeuliza swali lililoanzisha yote: "Sisi na milima yetu yote ile, tunashindwa nini kufanya hivi?"

Mzee muuza kahawa akamjibu kwamba farasi akiletwa Tanga hamalizi mwezi. Mwingine akadakia, farasi wa nini wakati Land Cruiser zipo? Wa tatu akasema siku hizi kuwinda ni halali, mbona nyamapori inauzwa buchani kama ya ng'ombe. Na yuko aliyeshikilia kwamba Marekani mtu anaingia na gari lake hadi alipo mnyama, anapiga, anapakia, anaondoka. Hao wa farasi wanapiga picha tu.

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Nimekaa na swali la yule kijana siku kadhaa kwa sababu ni swali zuri, na jibu lake linapita mahali ambapo hatukupafikiria pale barazani: kwenye gunia la mahindi, kwenye mdudu mmoja anayeuma, na kwenye sheria mbili zilizotungwa na watu wasiojuana ambazo, ukizitazama vizuri, zinalinda kitu kimoja.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi ule ilikuwa ubishi wa maneno.

Ninaposema pori la ndani, namaanisha mahali ambapo barabara imekwisha na bado una mwendo wa saa nyingi mbele yako. Ukishuka basi Mombo, ukapanda kwa lami kupitia Soni hadi Lushoto, hujaingia pori la ndani hata kama masikio yameziba na umevaa sweta. Ndani kunaanza pale njia inapokuwa ya mguu.

Neno nyumbu nalo linachanganya. Nyumbu ni yule mnyama wa Serengeti anayehama kwa makundi. Nyumbu pia ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Wazee wa pwani walimwita huyu wa pili baghala, na hapa nitamwita hivyo. Wale waliobeba mizigo kwenye video ni mabaghala. Baghala hazai, lakini amerithi nguvu za mama na uangalifu wa baba: penye mawe yanayoteleza hukanyaga akiwa amekwisha kupima.

Na kuwinda, kwa macho ya sheria, si kuua tu. Kumfuata mnyama na kumnyemelea kwa nia ya kumpata kumo ndani ya neno hilo. Mtu aliyekamatwa msituni hawezi kujitetea kwamba hajawinda kwa sababu hajapata kitu.

Gunia la mahindi

Wengi hudhani shida ya mwindaji wa mlimani ni kufika. Kufika kuna jasho, ndiyo, lakini unakwenda na miguu yako na mgongoni una chakula cha siku mbili tatu. Shida inaanza baada ya risasi kulia.

Mnyama anayetafutwa sana kwenye Milima ya Rocky, inayopita Colorado, Wyoming na Montana, ni elki. Ni jamii ya kulungu, ila kwa ukubwa anawapita ng'ombe wetu wengi wa kienyeji. Dume hufika kilo 300 na zaidi. Ukishamchuna, ukaacha mifupa na matumbo, unabaki na nyama inayokaribia kilo 100. Hilo ni gunia la mahindi. Sasa mtu wa Lushoto afikirie gunia hilo liko Mnazi, chini bondeni, naye anatakiwa alifikishe Mtae, juu kwenye ukingo wa mlima, kwa kichwa chake. Hatalibeba kwa mara moja. Ataligawa mafungu manne ya kilo 25, na kwa kila fungu atapanda, kisha ashuke kufuata jingine. Kama elki ameanguka kilomita 8 kutoka lilipoachwa gari, mafungu manne ni kutoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu. Jumla kilomita 56. Na nyama haingoji. Kule huwinda wakati baridi yao inapoanza, usiku ukikaribia kuganda, kwa hiyo nyama iliyotundikwa mtini hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Joto la Mkomazi au la Pangani lingeiharibu kabla hujamaliza safari ya pili, ndiyo maana wawindaji wa huku tangu zamani waliibanika nyama palepale ilipopatikana.

Baghala mmoja mwenye afya hubeba kama kilo 70 kutwa nzima bila kuumia. Mabaghala wawili wanamtoa elki mzima kwa safari moja. Hapo ndipo kazi ya wale wanyama ilipo. Tuliokuwa barazani tulimtazama aliyepanda farasi kwa sababu anapendeza. Mnyama mwenye kazi alikuwa yule wa nyuma. Mpanda farasi anaweza kushuka na kutembea na mambo yakaenda. Wa nyuma akivunjika mguu, nyama inabaki mlimani.

Upakiaji wenyewe ni ufundi ambao mtu wa hapa anaujua nusu tayari. Umeona muuza maji anavyofunga madumu kwenye baiskeli: moja kushoto, moja kulia, yote yamejaa sawa. Akitoa moja bila kutoa la pili, baiskeli inalala. Shogi la punda, ule mfuko wa pande mbili unaolazwa mgongoni, ni hivyo hivyo, na la baghala pia. Wapakiaji wa Rocky hupima kila upande kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kufunga, kwa sababu tofauti ya kilo chache tu huvuta tandiko upande mmoja polepole, na ikifika jioni mnyama ana kidonda mgongoni kitakachomweka nje ya kazi wiki kadhaa. Pia si kila farasi anakubali kubeba nyama mbichi. Harufu ya damu humtisha. Anazoezwa taratibu, na asiyezoezwa huvunja kamba na kukimbia na mzigo wote.

Na farasi anakula. Kwa siku anataka kama kilo 10 za majani makavu na maji madumu mawili. Kwenye ardhi nyingi za serikali kule hairuhusiwi kuingia na majani ya aina yoyote tu. Lazima yawe yamethibitishwa hayana mbegu za magugu, kwa sababu mbegu hupita tumboni mwa farasi na kuota kwenye samadi, kilomita nyingi ndani ya pori safi. Mtu akisikia hilo anaweza kuona ni usumbufu wa bure. Aende Amani. Mti wa Maesopsis uliopandwa pale na wageni zamani, ndege wakala matunda yake, umeingia msitu wa asili wa Usambara Mashariki kiasi kwamba watafiti wamehangaika nao kwa miongo. Mbegu moja mahali pasipo pake ni jambo kubwa.

Gari linafika wapi

Ndugu yetu wa Land Cruiser alisema kweli kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hupanda mahali ambapo gari la kawaida linakwama. Lakini kuna kosa moja ambalo madereva wengi wanalo, nami nimelisikia hata kwa wazoefu wa barabara za Lushoto: kwamba gari hilo ni salama zaidi kwenye utelezi. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka. Hayakusaidii kusimama, kwa sababu breki za kila gari tayari zinashika magurudumu yote manne. Ndiyo maana gari zuri hupanda mteremko wa tope kwa fahari, kisha kwenye kushuka likaenda lenyewe hadi korongoni. Kinachosaidia kushuka ni gia nzito na mwendo wa kinyonga, uliopangwa kabla pua ya gari haijainama.

Halafu kuna udongo. Udongo mwekundu wa Usambara wakati wa masika hujaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama limepigwa plasta. Kupunguza upepo kidogo husaidia, maana tairi lililolegea hujitandaza kama mguu mtupu kwenye tope, lakini kuna mahali hakuna dawa isipokuwa kungoja jua. Kule Rocky badala ya tope kuna theluji, na dereva hufunga minyororo kwenye tairi.

Hata hivyo, kinacholizuia gari la mwindaji wa Marekani mara nyingi ni karatasi kabla ya tope. Misitu ya taifa kule ina ukubwa wa hekta zipatazo milioni 78, ni mali ya umma, na raia ana haki ya kuingia. Ila kila msitu una ramani inayoonyesha barabara ipi iko wazi, kwa gari la aina gani, kwa miezi ipi. Kutoka nje ya barabara hizo na gari ni kosa. Na juu ya misitu ya kawaida kuna maeneo yaliyotengwa kwa sheria iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Septemba 1964, sheria ya mapori yasiyoguswa. Humo haliingii gari, haiingii pikipiki, haiingii hata baiskeli. Wafanyakazi wa serikali wanaofungua njia humo mti ukianguka hukata kwa msumeno wa mkono. Sheria ilianza na hekta milioni 3.7, leo maeneo hayo yanafika kama hekta milioni 45.

Kwa miguu unaingia. Kwa farasi unaingia. Wyoming inaongeza kwamba mgeni asiye mkazi wa jimbo, akitaka kuwinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo hayo, lazima awe na mwongozaji. Kwa hiyo wale wa kwenye video hawakuwa wanapiga picha tu. Walipanda farasi kwa sababu nchi yao iliamua, kwa makusudi kabisa, kwamba pale injini isifike.

Tuliache hilo kidogo, tuje kwa mzee wa kahawa.

Mdudu wa Majani Mapana

Aliposema farasi hamalizi mwezi, vijana walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mji huu ndio umekaa na elimu hiyo. Pale Majani Mapana kuna kituo cha utafiti wa mbung'o ambacho dunia ya sayansi inakijua kuliko sisi tunaopita karibu nacho.

Mbung'o, wengine humwita ndorobo, ni inzi anayekunywa damu, dume na jike. Anapouma mnyama mwenye vimelea kisha akamuuma mwingine, anavihamisha. Vimelea hivyo huishi kwenye damu. Mnyama anapata homa za kwenda na kurudi, anakonda huku anakula, damu inapungua, anakufa. Kwa ng'ombe ugonjwa huu tunauita nagana. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote. Punda anavumilia zaidi kidogo. Ng'ombe wa kienyeji wa baadhi ya maeneo wanavumilia zaidi ya hapo.

Sasa jambo lenyewe, ambalo naona ndilo kiini cha jibu la yule kijana: wanyama wa porini wengi, nyati, pongo, nguruwe pori, hubeba vimelea hivyo bila kuugua. Wameishi navyo miaka isiyohesabika. Kwa hiyo penye wanyama wengi wa kuwindwa na vichaka vyenye kivuli na joto, ndipo penye mbung'o wenye vimelea. Mwindaji wa nyanda za Handeni au Pangani akitaka kumfuata mnyama kwa farasi, anampeleka farasi wake palepale anapofia. Milima ya Rocky haina mbung'o hata mmoja. Mdudu huyu ni wa Afrika. Tofauti kati ya video ile na sisi haikuwa uvivu wala umaskini.

Ushahidi uko karibu. Ranchi ya Mkwaja, kusini mwa Pangani, ilianzishwa miaka ya 1950 kufuga ng'ombe kwa maelfu. Ilipigana na mbung'o kwa dawa karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kama ng'ombe wa kukingwa kwa dawa na kutibiwa walishindwa, farasi angefanya nini?

Rudi nyuma zaidi. Machi 1871, Henry Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya 20. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani. Wa kwanza alipozikwa, jumbe wa Kingaru alikuja kudai malipo ya vitambaa kwa kuwa mnyama amefukiwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Mgeni akajibu basi atamfukua amrudishe juu ya ardhi aoze, na dai likaisha. Watu husimulia kwamba farasi wale waliuawa na mbung'o. Lakini Stanley mwenyewe alimpasua mmoja na kukuta tumbo lina minyoo. Nalitaja hili kwa sababu mbung'o anasingiziwa pia. Farasi wa ukanda huu ana maadui wengine: minyoo, joto la unyevunyevu, na ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi wa usiku ambao huua farasi kwa siku chache.

Matokeo ya yote haya yalikuwa mazito kwa watu. Mahali ambapo farasi, ng'ombe wa kukokota na punda walikufa, mzigo ulibebwa na binadamu. Misafara ya Bagamoyo na Pangani ilikuwa safu za wapagazi, kila mmoja na frasila mbili kichwani au begani, karibu kilo 32, kwa miezi. Kila ninapoona watu wanajadili kwa nini bara hili halikuwa na farasi wengi, namkumbuka mpagazi. Na mwaka 1916, majeshi ya farasi yaliyoletwa kupigana na Wajerumani katika nchi hii yalipoteza wanyama kwa maelfu. Ugonjwa uliua kuliko risasi.

Lakini mzee wetu hakusema kweli yote. Mbung'o hapendi baridi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na misitu ya Magamba na Shagayu inapita mita 2,000. Farasi wapo Arusha na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Jeshi la Polisi lina kikosi cha farasi na mbwa Dar es Salaam, mjini ambako mbung'o hana kichaka. Na mbung'o mwenyewe anashindika. Jike lake hatagi mayai mengi kama inzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja kila baada ya siku kama kumi, na kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Wataalamu walilitumia hilo. Madume yaliyofugwa Majani Mapana yalipigwa mionzi yakawa tasa, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja kuanzia 1994. Jike aliyepandwa na tasa hakuzaa tena. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa haina mbung'o. Kazi hiyo ilitoka Tanga, na sijui kwa nini hatuwafundishi watoto wetu kujivunia.

Kwa hiyo, kwa upande wa afya, jibu ni hili: bondeni hapana, mlimani farasi anaweza kuishi. Ndipo linapokuja la sheria.

Alichokifanya Mbegha

Mwindaji mkubwa kuliko wote katika simulizi za Usambara aliingia mlimani kwa miguu. Mbegha alitoka Nguu, akapita porini na mbwa na mikuki yake, akaua nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba ya Washambaa, akawapa watu nyama nao wakampa chakula cha shambani. Mwisho wake wakamfanya mtawala wao, Simba Mwene, na ukoo wa Wakilindi ukaanzia hapo. Ufalme mzima ulijengwa juu ya mtu aliyejua kuingia pori na kutoka na nyama.

Akifanya vivyo hivyo leo, atakamatwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori, inakataza kutumia chombo cha moto kuwindia. Inakataza sumu, mitego, nyavu na mashimo. Inakataza kuwinda usiku. Na inakataza kutumia mbwa au mnyama yeyote wa kufugwa. Neno hilo la mwisho wengi hawalijui. Farasi ni mnyama wa kufugwa. Punda pia. Hata kama ungempata farasi asiyesikia mbung'o, kumpanda ukamfukuzie mnyama ni njia haramu, sawa na kumfukuza kwa gari. Gari linakufikisha kambini. Kwenye kuwinda kwenyewe unashuka, unatembea.

Zitazame sasa zile sheria mbili pamoja. Ya Marekani inaruhusu farasi na kuzuia injini katika mapori yake yasiyoguswa. Ya kwetu inazuia vyote viwili kwenye tendo la kuwinda. Zimechora mstari mahali tofauti. Lakini zote zinalinda ule umbali kati ya mtu na mnyama, ugumu wa njia. Mnyama wa mlimani hana ukuta wala askari kila kona. Alicho nacho ni kwamba kumfikia kunachosha, na kumtoa kunachosha zaidi. Ukiondoa uchovu huo, umemwondolea kinga yake. Usambara Mashariki tuliliona kwa macho: magari ya mbao yalipochonga barabara ndani ya msitu miaka ya 1970 na 1980, magogo yalitoka kwa njia ile na watu wa kutega wakaingia kwa njia ileile.

Kuna jambo la ardhi pia, na hapa naomba msomaji asichoke, kwa sababu ndipo watu wanapofungwa. Si kila pori ni pori la kuwindia. Hifadhi ya Taifa hairuhusu kuwinda kabisa. Kwa mkoa huu ni Mkomazi, iliyopandishwa hadhi 2008, na Saadani, 2005. Zote mbili zilikuwa mapori ya akiba zamani, na wazee wanaokumbuka uwindaji wa vibali kule Mkomazi hawasemi uongo. Wanasema habari za enzi iliyokwisha. Misitu ya Amani, Nilo na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na humo huendi kuwinda hata kwa mguu. Uwindaji wa halali hufanyika kwenye mapori ya akiba, mapori tengefu, vitalu na maeneo ya jumuiya za hifadhi za wanyamapori, chini ya TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori, kwa leseni inayotaja mnyama gani, wangapi, eneo gani na muda gani. Leseni ya uwindaji inafanana na tiketi ya basi la Korogwe: haikupi haki ya kushukia Arusha. Kwa hiyo hata mwenye leseni na bunduki yenye kibali, milima ile ya kijani anayoiona kutoka Mombo haimo ndani ya tiketi yake.

Na bucha? Ni kweli, kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu biashara ya nyamapori kwenye mabucha yaliyosajiliwa. Nyama ile imetoka kwa mwenye kibali, ina nyaraka, na wewe mnunuzi unatakiwa uondoke na risiti yako. Haikufungua pori kwa kila mtu. Nyama hiyohiyo ikikutwa nyumbani kwako bila nyaraka inaitwa nyara za serikali, na watu wamehukumiwa miaka 20 jela kwa neno hilo. Najua familia nyingi hazijui uzito wake mpaka baba ameondoka.

Mkulima anayelala macho kulinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori ana haki ya kuuliza, "Na mimi je?" Sheria inatambua mtu kuua mnyama kwa kulinda uhai wake au mali yake, lakini tukio lazima liripotiwe na mnyama aliyekufa ni mali ya serikali. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, mapema, kabla shamba halijaisha.

Nilimweleza yule kijana haya yote juzi, sehemu kwa sehemu, kati ya abiria wake. Alisikiliza, kisha akasema hakuwa anataka kuua kitu. Alichokipenda kwenye video ni ule msururu wa wanyama unaoshuka mlima. Watalii wanatembea kwa mguu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu au nne, wakilala vijijini, na mizigo yao hubebwa na vijana kama yeye mgongoni. Hapo hakuna leseni ya uwindaji inayohitajika, wala baridi ya mlimani haina mbung'o. Akipita msitu wa Magamba atahitaji kibali cha TFS. Farasi atamgharimu: kumleta kwa lori kutoka Arusha, kumchanja, kumlisha kilo 10 kila siku, azalishe asizalishe. Punda anakula kidogo, anavumilia zaidi, na Wamasai wa Kilindi na Handeni wanao. Shogi anaweza kushona fundi yeyote wa turubai wa pale sokoni, mradi pande zote mbili zipimwe sawa.

Aliniuliza punda mmoja ni bei gani. Nimempa namba ya mtu wa Handeni.